Wenceslaus Ngollo, Mwalimu wa Madiwani, Analazwa Ikulumbi

Padre, wazee wa Ikulumbi, ndugu mliotoka Tabora, na ninyi mliokuja alfajiri kwa miguu kutoka Mwalugesa, haya ni maisha ya Wenceslaus Ngollo. Nimeyaandika mimi Yasinta, mdogo wake wa tumbo moja; yeye alinitangulia kwa miaka kumi na miwili. Shule yangu iliishia darasa la nne. Binti yake Nyamizi amenisahihishia tarehe, lakini maneno ni yangu.

Tangu mwili ulipofika jana nimesikia watu wakiulizana penye moto wa matanga: kwa nini marehemu aletwe kuzikwa hapa, na yeye ndiye aliyekinyima kijiji hiki kisima? Wanangu nao wamelisikia. Swali hilo lina jibu, na nitalisema mahali pake. Ninaomba asiondoke mtu kabla sijafika.

Marehemu alizaliwa hapa Ikulumbi, wilaya ya Nzega, tarehe 28 Septemba 1924, mtoto wa tatu wa mzee Ngollo na mama Nyamizi. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Wenceslaus, ndiyo maana mapadre walimpa jina hilo. Bibi yetu alishindwa kulitamka, akamwita Wensi mpaka anaingia kaburini. Babu yetu alikuwa mpagazi wa misafara ya kwenda pwani wakati wa ujana wake, na njia yenyewe ilipita hapo chini penye mbuyu wa zamani, ambapo sasa pana mashamba ya pamba. Mwaka 1916 Mjerumani alihesabu wanaume wa kijiji, akachukua nusu yao wabebe mizigo ya vita. Babu alikuwemo. Hakurudi, wala hatujui amelala wapi. Naomba mkumbuke hilo.

Mwaka 1934 marehemu aliingia shule ya misheni Ndala. Alilala huko, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Akija, alichukua kijiti cha muhogo akanichorea herufi uani, na mimi nilizifuta kwa mguu nikiitwa kuchota maji, naye alizichora tena nikirudi. Baadaye alikwenda chuo cha ualimu, akamaliza mwaka 1944. Kuanzia Januari 1945 alifundisha shule za msingi kwa miaka kumi na saba, na hakuna mwanafunzi aliyesema alipigwa na Mwalimu Wenceslaus zaidi ya mara moja.

Tarehe 14 Januari 1950 alifunga ndoa na Koleta, binti wa mzee Masele wa Mwalugesa. Siku ya kujitambulisha ukweni aliandika maneno yote kwenye karatasi, kwa hofu. Mzee Masele akaipokea ile karatasi, akaigeuza huku na huku, akamrudishia. “Kijana,” akasema, “kama haya ni ya kwako, kwa nini umeyabeba mkononi?” Marehemu akaikunja, akasema alichokuwa nacho moyoni, akapewa mke. Mungu aliwajalia watoto watano, mmoja akatangulia akiwa mchanga.

Nchi ilipopata uhuru marehemu alihamia Idara ya Maendeleo, mwaka 1962. Watu wakamwita Bwana Maendeleo. Mwaka uliofuata mamlaka ya watemi yalikwisha, na madiwani waliochaguliwa na watu ndio wakakaa kwenye baraza la wilaya. Walikuwa watu wazuri, wakulima na wafugaji, na wengine walijua kusoma. Lakini kazi ya udiwani hawakuijua, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kuifanya. Mwezi wa Mei 1963 marehemu aliitwa Tabora kuwafundisha, ishirini na saba kwa mpigo, wiki tatu.

Hadithi za wiki hizo alitusimulia mara nyingi, na Mzee Masolwa, aliyekuwa diwani wa kata yetu, yupo hapa atanikosoa nikikosea. Masolwa siku ya kwanza alifika na mtu wa kumbebea kiti. Marehemu akamkaribisha, kisha akaliambia darasa kwamba kwenye msafara wa zamani kirangozi, yule wa kutangulia na bendera, alichaguliwa na wapagazi wenyewe, na alikuwa na mzigo wake kichwani kama wao. Kesho yake Masolwa alikuja amebeba kiti mwenyewe.

Tatizo kubwa lilikuwa kukubali. Watu walizoea baraza la mtemi, ambako akishasema yeye, mnapiga makofi mnakwenda nyumbani. Kila alichopendekeza mwalimu kilipita. Siku ya nne, asubuhi, akasema kwa sauti ile ile ya kila siku, “Napendekeza chakula cha mchana kifutwe.” Mikono ishirini na saba ikapanda. Adhuhuri ikafika, hakikuja kitu. Saa tisa Masolwa akasimama.

“Mwalimu, njaa inauma.”

“Pole. Mmepitisha wenyewe.”

“Tulidhani unatufundisha tu!”

“Mzee wangu, kwenye baraza kinachopita kimepita. Ungeuliza ‘kwa nini’ saa tatu, ungekula saa saba.”

Wakala jioni. Masolwa anasema tangu siku hiyo hajainua mkono bila kuuliza, hata kanisani.

Jambo la pili alilowafundisha ndilo lililompa jina la utani. Diwani hakuruhusiwa kusema kitu mpaka ataje aliyemtuma: jina lake, anakaa wapi, alisema nini. Ukisimama tu, alikuuliza, “Nani kakutuma?”

“Watu wote wa kwetu,” Masolwa akajibu.

“Watu wote hawana mdomo mmoja. Nitajie mmoja.”

Masolwa akafikiri sana. “Mke wangu.”

“Kasemaje?”

“Kasema nisirudi bila chumvi.”

“Basi umetumwa chumvi. Kaa chini.”

Tabora nzima wakamwita Nani Kakutuma. Hata fundi bati mmoja wa mtaa wa Ng’ambo, Mabruki, jirani yake Mwislamu ambaye leo yuko nasi, alikuwa akimwamkia hivyo hivyo asubuhi. Lakini madiwani wakajifunza. Walijifunza kusikiliza kabla ya kusema, kuwauliza wataalamu bila kuogopa suruali zao, na kurudi kuwaambia watu jibu hata kama jibu ni hapana. Aliwaambia hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Sasa nafika kwenye kisima.

Mwaka 1966 ilitangazwa kwamba kata yetu itapata kisima kimoja, cha saruji na pampu. Vijiji viwili vilikuwa havina maji kabisa wakati wa kiangazi, Ikulumbi na Mwalugesa. Diwani ni Masolwa. Kama alivyofundishwa, hakukaa mjini akakisia. Alikuja mwenyewe mwezi wa Juni, akahesabu kaya nyumba kwa nyumba, ili kijiji chenye watu wengi ndicho kipate. Mwalugesa akapata kaya hamsini na mbili. Ikulumbi, thelathini na nne.

Ninyi wenye umri wangu mnajua kwamba Ikulumbi ilikuwa na kaya themanini na zaidi.

Miaka ile kodi ya kichwa ilikuwa bado inatozwa. Mtu wa kalamu akija kuhesabu, desturi ilikuwa moja, tangu kwa Mwingereza, tangu kwa Mjerumani. Vijana walikwenda porini na ng’ombe, nyumba za ng’ambo ya mbuga hazikutajwa, na wazee walisema waliobaki ndio hao. Mume wangu alilala porini siku mbili. Mimi mwenyewe, nina mtoto mgongoni, nilimwambia Masolwa kwamba nyumba ile ya pili ni ghala. Nilisema hivyo kwa sababu niliambiwa niseme, na kwa sababu niliogopa. Ndipo ninapoanza kujitaja, kwa kuwa si haki kutaja wengine nikajificha.

Marehemu, wakati huo akifanya kazi Nzega, aliiona hesabu ofisini, akajua papo hapo. Alipanda baiskeli kutoka Nzega akafika hapa siku mbili kabla ya kikao. Nilikuwa uani napepeta mtama, nikasikia yote. Alipiga magoti mbele ya baba yetu mdogo, mzee Lugembe, mkubwa wa wazee wa kijiji.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Umekuja na kalamu?”

“Nimekuja mikono mitupu. Baba, semeni idadi ya kweli. Hii si kodi. Ni maji.”

“Mjerumani naye alisema ni barabara.”

“Baba, huyu ni Masolwa. Mmemchagua wenyewe.”

“Masolwa anakaa kwenye kiti, na mwenye kiti hutumwa na wa kiti kikubwa. Leo anahesabu kwa kisima, kesho anakuja mwingine na daftari lile lile. Baba yangu alihesabiwa, Wensi. Nilikuwa na miaka minane, nimemshika shati. Unataka nikuambie nini?”

Marehemu aliinuka. Kisha akasema, “Basi kisima kitakwenda Mwalugesa.”

“Kiende. Watu wangu wabaki.”

Kikao kilifanyika tarehe 21 Julai 1966. Masolwa anasema aliposoma hesabu zake mbele ya baraza, moyo ulimwambia kuna kitu, akamgeukia mwalimu wake aliyekaa pembeni na watumishi wengine. Akamuuliza mbele za watu, “Bwana Maendeleo, wewe ni mzaliwa wa Ikulumbi. Hesabu hii ni sawa?”

Marehemu akasimama. Kisha akajibu, “Diwani ni wewe, mheshimiwa. Mimi hapa sikutumwa na mtu,” akakaa. Wakapiga kura. Kisima kikaenda Mwalugesa.

Hapo ndipo neno lilipoanza. Ikasemwa kwamba namba thelathini na nne aliiandika Wenceslaus kwa mkono wake, ili wakwe zake wa Mwalugesa wapate maji. Vijana waliokuwa porini wakarudi wakaliamini, kwa kuwa hakuna mzee aliyewaambia vingine. Lilikaa miaka kumi na minane. Watoto waliozaliwa baadaye walilipokea kama wanavyopokea jina la ukoo.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Sikumuuliza kwa upole, ninakiri. Nilikuwa natembea maili nne kwenda na nne kurudi. Wanangu watatu niliwatuma jua halijatoka, nikasimama njiani mpaka nione debe linang’aa kwa mbali, ndipo nipumue. Akaniambia hivi: “Yasinta, ningesema ‘si sawa’, wangeuliza nani kaficha. Wangekuja na askari, wakakamata wazee sita na kila mume asiye na risiti ya kodi, na wako wa kwanza. Ningesema ‘ni sawa’, ningekuwa mwongo mbele ya watu niliowafundisha. Nimebaki na kunyamaza.” Halafu akasema, “Na wewe nyamaza mpaka wazee wenyewe waseme.” Nimenyamaza. Imeniuma, hasa waliponitukania kaka yangu nikiwa kwenye foleni ya Mwalugesa.

Maana foleni ile ilikuwa na mambo yake. Wanawake wa Mwalugesa walituona tunakuja na ndoo zetu msururu, wakacheka. “Kaya thelathini na nne zina wake wangapi kila moja? Au mnaoga na ng’ombe wenu?” Tulijitwisha ndoo zetu tukaondoka.

Marehemu hakukimbia. Kila likizo, kuanzia mwaka ule, alikuja hapa na baiskeli yake, akafunga madebe mawili nyuma, akachota maji Mwalugesa na kuyaleta Ikulumbi, safari tatu kwa siku. Alianzia nyumba za wazee. Kwa mzee Lugembe alikuwa akiyaacha mlangoni, anaondoka bila kubisha. Shemeji zake walimtania pale kisimani: “Bwana Maendeleo, ofisini wamekufukuza?” Naye akajibu, “Nimetumwa na dada yangu, tena ni mkali, sogeeni.” Wapo vijana hapa waliokunywa maji hayo huku wakimsema. Sisemi ili mwone aibu. Wengine wenu mlikuwa hamjui hata kutembea.

Kazini napo hakuficha kosa lake. Tangu mwaka 1967 alibadilisha mafunzo. Aliwaambia madiwani wapya, “Kuna kijiji kimoja tulikikosea. Tulituma diwani akahesabu kabla hajaaminiwa.” Kijiji hakukitaja. Akaweka sharti kwamba diwani asiandike kitu mahali mpaka amelala hapo mara tatu, amekula chakula cha hapo, na amewaeleza watu kalamu yake inakwenda wapi na haiendi wapi. Masolwa alilishika hilo, na kodi nayo ilipofutwa mwaka 1969, watu wakaacha kukimbia porini. Mwaka 1975, tulipokwisha kukaa pamoja katika kijiji cha ujamaa, Ikulumbi ilihesabiwa upya na kupata kisima hiki mlikonawa leo. Kilikuja kwa idadi ya kweli.

Mabaraza ya wilaya yalipovunjwa mwaka 1972 marehemu hakubaki na madiwani wa kufundisha. Alipelekwa Ulyankulu, kwa ndugu zetu wakimbizi wa Burundi waliokuwa wanaanza kufyeka msitu, akawasaidia kuunda kamati zao. Alikaa huko miaka mitano. Alistaafu mwaka 1979, akarudi nyumbani kwake Tabora, akafuga kuku na kusoma magazeti ya zamani kwa sauti mpaka mama Koleta akaomba amani. Mabaraza yaliporudi Januari mwaka huu, alifuatwa. Miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba. Alikwenda akiwa ameshikwa mkono na mwanawe Ngollo, akawafundisha madiwani wapya siku kumi akiwa amekaa. Ngollo anasema siku ya nne nao walijifutia chakula.

Ugonjwa wake ulikuwa wa moyo. Ulijulikana mwaka 1981, ukamlaza mara mbili. Mwezi wa Julai mwaka huu alizidiwa, akalazwa hospitali ya Kitete, Tabora. Nilikwenda kumuuguza wiki tano. Madaktari na wauguzi walifanya walichoweza, tunawashukuru. Alikuwa hawezi kulala chali, kwa hiyo tulikaa naye ameegemea mito, na alipenda nimsimulie habari za hapa: nani kavuna, nani kaoa, mvua imefika wapi. Siku mbili kabla ya kufa aliniambia anataka alale Ikulumbi. Nikamwambia, “Kaka, hawakutaki.” Akasema, “Waulize tu. Wakikataa, msigombane nao.” Alifariki Jumatano tarehe 12 Septemba 1984, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amebakiza siku kumi na sita kutimiza miaka sitini.

Nilitangulia kurudi nije kuomba kaburi. Nilifika Alhamisi mchana na woga wangu wote. Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa, na nilikwisha kumwambia Ngollo aulize nafasi makaburini Tabora. Kabla sijatua mzigo, mzee Lugembe aliingia uani kwangu na fimbo yake. Alikuwa hajafika kwangu miaka mingi. Nilipiga magoti, akaniambia ninyanyuke.

“Nimesikia unaandika maisha ya Wensi.”

“Naandika, baba.”

“Kisima umekiandika?”

Nikasema hapana. Nikamwambia marehemu alinikataza.

“Alikukataza mpaka sisi tuseme,” akasema. “Tulikuwa sita, watano wamekwisha kufa. Nimebaki mimi. Nikifa bila kusema, uongo utakuwa kweli, na mtoto wa kaka yangu atakuwa mwizi wa maji milele. Andika kwamba tuliwaficha watu. Andika kwamba alikuja akapiga magoti, nikamkatalia.”

Nikamwambia, “Baba, nitaandika ‘wazee’, inatosha.”

Akakasirika. “Wazee gani? Wazee hawana mdomo wa kuwatetea, wamelala. Andika Lugembe. Na siku ya kusoma nitakuwa nimesimama, ili atakayetaka kuuliza aniulize mimi.”

Ndivyo nilivyoandika, na yeye huyo hapo amesimama tangu nilipoanza kisima. Kaburi alilichagua yeye, jana asubuhi, upande wa kulia wa kaburi la baba yetu, na jembe la kwanza alilipiga mwenyewe kabla vijana hawajampokea. Hao vijana wote ni wa Ikulumbi. Hakuna aliyelipwa wala aliyeombwa mara mbili.

Marehemu ameacha mjane, mama Koleta, watoto wanne, Ngollo aliye karani wa posta Tabora, Nyamizi muuguzi Igunga, Masele mkulima, na Felista aliye chuo cha ualimu, wajukuu saba, mimi dada yake, baba yetu mdogo Lugembe, shemeji zake wa Mwalugesa, na madiwani aliowafundisha, ambao idadi yao hakuwahi kuiandika.

Ee Mungu, mpokee Wenceslaus, umpe raha ya amani. Nasi watu wa Ikulumbi tumempokea.